Kijana mwenye sonona: anza na ratiba, fikra zifuate

Tiba ya fikra na tabia iliundwa kwa watu wazima, na washauri wengi bado huitoa hivyo hivyo: karatasi ya safu saba ya kuandikia na kupima fikra, kikao cha saa nzima, na swali “una ushahidi gani?” Mtoto wa miaka 14 atakujibu “sijui” mpaka muda uishe. Si ukaidi. Sonona hudhoofisha umakini, na kwa vijana mara nyingi hujionyesha kwa hasira na kununa kuliko kwa machozi.

Vikao vitatu au vinne vya mwanzo vihusu shughuli. Kwa siku tatu tu, aandike alichofanya asubuhi, mchana na jioni, na hali ya moyo kwa alama 0 hadi 10. Aandike kwenye simu kama anayo. Daftari mama atalisoma. Tuseme amejipa 2 kila alipojifungia chumbani, na 5 alipomsuka mdogo wake. Pangeni kusuka Jumatano na Jumamosi saa kumi jioni, hata kwa dakika 10. Ukimpangia makubwa, mathalani kujiunga na timu ya shule, akashindwa, umemwongezea sababu ya kujiona hafai. Mzazi naye hupenda kuigeuza ratiba kuwa zamu ya vyombo. Mwite mwishoni mwa kikao, kijana akiwepo, umwambie kazi yake ni kukumbusha mara moja, basi.

Fikra zikifika zamu yake, zichambue. “Darasa zima linanicheka” inapimika: ahesabu kesho ni wangapi waliomsalimia. Lakini “nitarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada” huenda ni kweli tupu, na ukibishana nayo umempoteza. Hapo mnahitaji mpango: nani aende kwa mkuu wa shule, lini, aombe nini.

Dodoso la PHQ-9, maswali tisa ya kupima ukali wa sonona, lijazwe kila baada ya wiki mbili. Swali la tisa, la kutamani kufa au kujidhuru, liulize pia kwa mdomo, bila kuzunguka. Kuuliza hakupandi wazo hilo. Siku ya kwanza kabisa mweleze kwamba siri yenu inaishia pale anapotaka kufa au kujidhuru.

Mazungumzo nayo yana kikomo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2004, kwa vijana 439 wenye sonona ya wastani hadi kali, ulionyesha nafuu kwa asilimia 71 ya waliopata tiba hii pamoja na fluoxetine, dawa ya sonona, na asilimia 43 ya waliopata tiba hii peke yake. Alama za PHQ-9 zikikwama kwenye 15 au zaidi baada ya wiki sita, mpeleke kwa daktari wa afya ya akili, huku vikao vikiendelea. Akiwa na mpango wa kujiua, ni leo hii.