Shangazi, wenye mabafu ya mapovu wamenizidi nini?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni wakala wa pesa za simu, kibanda changu kiko Mbagala. Nafunga saa mbili usiku, nafika nyumbani kichwa kimejaa hesabu za floti. Bafu letu ni moja na wapangaji tuko wengi, kwa hiyo najimwagia maji ya baridi chapuchapu, nakula, najitupa kitandani. Hapo ndipo nakodoa macho mpaka saa nane. Kwenye simu naona watu wamejilaza kwenye mabafu yenye mapovu na mishumaa, eti maji yanatuliza akili. Sisi maji tunanunua kwa dumu. Kuna langu hapo kweli? Halafu mama ninayeishi naye ana kisukari, naye anataka awe analoweka miguu kila jioni.
*Mkodoa Macho, Mbagala*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mishumaa waachie wenyewe. Bei yake inatosha madumu ya wiki nzima. Kinacholeta usingizi pale ni joto la maji na saa ya kuoga, na vyote viwili unavyo.

Ukishaepua ugali, usizime mkaa. Bandika sufuria ya lita mbili. Ikichemka, chukua ndoo yenye lita kumi za maji ya kawaida, umimine ya moto juu yake (baridi kwanza, moto baadaye, usije ukaungua). Kwa joto la Dar utapata maji ya nyuzi kama 40 hivi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin walipitia tafiti nyingi za wenzao, wakaona maji ya nyuzi 40 hadi 42 na nusu, ukiyaoga saa moja au mbili kabla ya kulala, yanafanya usingizi uje upesi zaidi. Dakika kumi tu zinatosha. Kwa hiyo usigombanie bafu saa tatu. Kula kwanza, subiri foleni iishe, oga saa nne kasoro, saa tano uwe kitandani.

Sababu yake iko mwilini. Maji ya vuguvugu huita damu ije kwenye ngozi, hasa viganjani na nyayoni, na joto la ndani hutoka nje kupitia huko. Mwili ukishapoa kidogo ndipo usingizi unapokuja. Anza na miguu basi, uimwagie taratibu, kisha mikono, ndipo upande mabegani na kisogoni. Mimi bado natumia kata ya kifuu. Wanangu wananicheka, lakini kopo la plastiki linamwaga kwa pupa na ndoo inakwisha hujaloa mgongo. Ukitaka harufu, tupia mchaichai kwenye sufuria. Mafuta ya chupa ndogo kwa bei kubwa siyaoni kazi yake.

Siku dumu limebaki robo, weka maji ya vuguvugu kwenye beseni, tumbukiza miguu mpaka kwenye vifundo, ukae. Simu iache chumbani, na floti yake. Maji hayo usiyamwage, yanafaa chooni.

Mchana mteja akikupandisha presha kwa muamala uliokwama, lowesha kitambaa kwa maji ya baridi sana, ujifunike paji la uso, macho na mashavu huku umezuia pumzi kidogo. Mapigo ya moyo hushuka. Mwenye ugonjwa wa moyo asijaribu.

Haya yote ukiyafuata wiki tatu nne na bado unakesha, nenda kituo cha afya. Kukosa usingizi kuna sababu nyingi, na nyingine ndoo haizifikii.

Kuhusu mama, hapana, asiloweke. Kisukari hufisha ganzi miguu, mtu akaungua asijue, na kuloweka kila siku hukausha ngozi ikapasuka. Kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa kisukari si cha kuchezea. Aoge kama kawaida, lakini maji yake uyapime wewe kwa kiwiko, asiyapime yeye kwa mguu. Akitoka, mfute vizuri katikati ya vidole, umpake mafuta juu na chini ya mguu, ila katikati ya vidole pabaki pakavu.