Bustani ya Nyumbani Dodoma Wakati wa Kipupwe: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Tangu mvua zilipokatika mwezi Aprili, maswali mengi yaliyonifikia kutoka Dodoma Mjini na wilaya za jirani yamebeba wasiwasi mmoja, kwamba miezi ya Juni, Julai na Agosti, kwa baridi yake, upepo wake na ukame wake, haifai kwa mboga. Ninaamini kinyume chake, na majibu haya yataonyesha kwa nini.

Shikamoo mwalimu. Nimehamia Iyumbu nikitokea Tanga. Jirani yangu ameniambia nisipande mboga mpaka mvua za Desemba. Je, nimsikilize?

Marahaba. Jirani yako anasema kweli kuhusu shamba, kwa kuwa mtama, uwele, karanga na alizeti hutegemea mvua, na mvua yetu, isiyozidi sana milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Bustani ya nyumbani ni jambo jingine. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na mchana hupanda hadi 26 au 27 chini ya anga jeupe. Hali hiyo ndiyo inayopendwa na chainizi, sukuma wiki, figiri, spinachi, kabichi, karoti na vitunguu. Magonjwa ya ukungu yanayoangamiza nyanya wakati wa mvua nayo hupungua sana.

Bamia, matango na maboga ndiyo yasubiri joto la Septemba. Mchicha utaota, lakini kwa kujivuta, kwa hiyo uupande mahali penye jua la kutosha. Hapa wengi hukosea: mwezi Juni jua letu hupita upande wa kaskazini, na kivuli cha nyumba huangukia kusini. Kitalu kilichokuwa juani mwezi Desemba kinaweza kukaa kivulini siku nzima mwezi Juni, na mwenye bustani akadhani mbegu ni mbovu.

Kwetu maji hutoka mara mbili kwa wiki. Nina nafasi ya mita moja kwa tatu nyuma ya jiko. Mboga zitaishi kweli?

Zitaishi, na tuanze na hesabu. Milimita moja ya maji ni sawa na lita moja katika mita ya mraba. Kwa jua na upepo wa Julai, mboga za majani zilizofunika udongo hupoteza takriban milimita 5 kwa siku, maana yake eneo lako la mita za mraba tatu linahitaji lita 15, yaani robo tatu ya ndoo ya lita 20. Kwa siku nne bila maji ya bomba utahitaji ndoo tatu za akiba. Hizo si nyingi, ila zinahitaji udongo unaoweza kuyashika maji hayo.

Kwanza, usiinue tuta. Tuta lililoinuliwa ni la masika, kwa sababu huondoa maji ya ziada. Wakati wa kipupwe upepo hulikausha juu na pembeni. Fanya kama wakulima wa mpunga wa Bahi wanavyotengeneza majaruba, ila kwa kipimo kidogo: chimba sentimita 10 hadi 15 chini ya usawa wa ardhi, udongo uliotoka uuzungushie kingo, kisha uchanganye samadi iliyooza vizuri katika udongo wa chini. Nasisitiza iliyooza. Mwaka mmoja niliharakisha nikatia samadi ya kuku iliyokuwa bado na harufu kali, na katika wiki moja miche yote ya spinachi iliungua kuanzia ncha za majani.

Pili, weka matandazo. Mabua ya mtama yaliyokatwakatwa au nyasi kavu, unene wa sentimita 5, yakiachwa mbali kidogo na mashina, hupunguza sana upotevu wa maji. Jana asubuhi nilifunua matandazo katika jaruba lililomwagiliwa siku mbili kabla: mabua ya juu yalikuwa makavu ya kuvunjika mkononi, lakini chini yake udongo ulikuwa mweusi, unashikamana vidoleni, na nyungunyungu wawili walikuwa wakirudi ndani haraka. Sehemu jirani isiyofunikwa ilikuwa imeshapasuka. Mchwa wakiingia, yaondoe matandazo kwa siku chache, ulowanishe udongo, kisha uyarudishe yakiwa membamba zaidi.

Tatu, ukinge upepo. Uzio wa mabua au matete wenye nafasi ndogondogo hufaa kuliko ukuta au bati, kwa sababu upepo ukipiga kitu kisichopitisha hewa huruka juu na kuanguka upande wa pili kwa nguvu, palepale miche ilipo. Mwagilia asubuhi mapema, kabla upepo haujaanza. Maji ya kuoshea mchele na mboga yatumike bila hofu, lakini ya kufulia, hasa yenye dawa ya kuondoa madoa, yasifike kwenye mboga.

Ninamwagilia kwa maji ya kisima yenye chumvichumvi. Udongo umefanya ukoko mweupe na miche ya vitunguu inakauka ncha. Nifanyeje?

Ukoko huo ni chumvi. Maji hupanda juu na kukauka, chumvi hubaki, na tabia ya kumwagilia kidogokidogo kila siku huikusanya pale pale penye mizizi. Kwangua ukoko huo uutupe nje ya bustani, kisha umwagilie mara chache lakini kwa wingi, ili maji yaisukume chumvi chini zaidi ya mizizi. Hili hufaa katika udongo unaopitisha maji, na ni gumu katika udongo mweusi wa mbuga. Vitunguu, karoti na maharage havivumilii chumvi. Panda spinachi hii yetu ya majani mapana, ambayo ni ndugu wa kiazisukari na huvumilia vizuri zaidi.

Sukuma wiki zangu zina wadudu wadogo wa kijivu chini ya majani, na majani yanajikunja.

Hao ni vidukari, na miezi ya ubaridi huwapendeza. Majani yaliyojaa sana yakate uyaondoe. Yaliyobaki yanyunyizie asubuhi, hasa upande wa chini, maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa kila lita, urudie baada ya siku nne au tano, na uyaoshe vizuri kabla ya kupika. Ukimwona mdudu mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, mwache afanye kazi, kwani yeye na watoto wake hula vidukari.

Nimepanga chumba kimoja, sina hata kipande cha ardhi. Je, viroba vinafaa?

Vinafaa. Kiroba cha unga cha kilo 25, kilichotobolewa chini, kinabeba miche mitatu ya sukuma wiki. Changanya sehemu tatu za udongo, moja ya samadi iliyooza na moja ya mchanga. Ujue tu kwamba kiroba hukauka haraka kuliko ardhi, hivyo kipe maji kila siku, na kwamba jua huila sandarusi. Ikianza kumeguka, hamisha mimea kwenye ndoo kuukuu kabla vipande havijasambaa uani.

Mzabibu wangu hapa nyumbani una matunda mabichi sasa. Nikate matawi lini?

Usiuguse sasa. Mkoani kwetu zabibu huvunwa mara mbili, karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na mzabibu wako uko kwenye mzigo wa pili. Kipupwe hiki upe maji ya kutosha hadi zabibu zianze kubadilika rangi, kisha uyapunguze ili utamu ukolee. Ukishavuna, uache upumzike kwa wiki kadhaa bila maji mengi ndipo ukate, na kwa mara ya kwanza ukate pamoja na mkulima mzoefu, kwa sababu tawi lililokatwa chini ya macho yanayozaa, yaani vichipukizi vya matunda, halitakupa shada msimu unaofuata.