Goli nalisikia kwa jirani kabla sijaliona

Mmeuliza wiki hii: simu imebadilisha vipi ushabiki wako? Mimi niko Ujiji, Kigoma, na simu ndiyo iliyoniingiza kwenye mpira.

Zamani kuona mechi ni mpaka uende kibanda umiza, banda la kulipia kuona mpira kwenye TV. Mwanamke ukiingia na mtoto mgongoni, macho yote kwako. Basi nikawa mtu wa kuhadithiwa. Hata Julai 25, 2021, Simba na Yanga walipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam hapa hapa kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika, bao la Taddeo Lwanga lililowapa Simba kombe niliambiwa na mume wangu aliporudi. Mimi ni Yanga. Liliniuma, na kuhadithiwa kukaniuma zaidi.

Juni 3, 2023, Yanga wakiwa Algiers kurudiana na USM Alger ya Algeria, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, nilikuwa na simu yangu. Niliiegemeza kwenye kopo la sukari, bando nimelinunua tangu asubuhi. Tukapata penalti. Djuma Shaban bado anaweka mpira, redio ya jirani ikalipuka: goli! Picha ya intaneti hukatwa vipande vipande, na simu huvikusanya kwanza ndipo ionyeshe. Redio haina foleni hiyo. Tangu siku ile naangalia simu huku nasikiliza redio, naye jirani ameshazoea kunipandishia sauti. Tulishinda 1-0, lakini kwetu Dar walishatufunga 2-1; jumla ikawa 2-2, wakabeba kombe kwa kuwa na mabao mengi zaidi ya ugenini. Nililia jikoni, na safari hii nililia kwa nililoliona mwenyewe.

Ombi langu kwa wenye haki za matangazo: tuwekeeni na sauti peke yake ndani ya programu zenu. Video inamaliza bando kabla ya mapumziko, na huku wengi tunanunua la siku kwa siku.

Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Usiku wa giza yuko ziwani na taa zake, mtandao hakuna. Kila tukio namtumia meseji ya sauti: kona, kadi, goli. Alfajiri mtumbwi ukikaribia ufukweni, zinaingia mfululizo. Wenzake wakitaka kumwambia matokeo anawanyamazisha kwa mkono, anaanza na ile ya dakika ya kwanza, nyavu bado hazijashushwa.