Uzito wa kuandika ni wa pande zima, si wa kifaa kilichokamilika

Ndugu, nimekuelewa: kishikio chenu cha aluminiamu kina gramu 162, lakini kilichongwa kutoka kwenye pande (donge zima la malighafi) la milimita 100 × 60 × 25, na hujui uzito upi uingie kwenye ripoti ya gharama ya Formula SAE, yale mashindano ya wanafunzi ya kuunda magari ya mbio.

Andika wa pande. Hilo ni sentimita za ujazo 150, na kwa densiti ya gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo linakuwa gramu 405. Chenga zilizobaki sakafuni mlizinunua pia! Kifaa kina sentimita za ujazo 60, kwa hiyo 90 zilizoondolewa ziingie kwenye mstari wa uchongaji. Kufunga na kufungua kifaa kwenye mashine kuna mstari wake; timu yetu iliusahau mwaka mzima, tukapoteza pointi kijinga.

Acheni nyama ya ziada, yaani unene wa kuondolewa, kila upande unaochongwa. Pande likilingana kabisa na kifaa, jaji atauliza uso ulisawazishwaje. Muulizeni fundi wa karakana yenu aliacha milimita ngapi, msikisie.

Kwa vifaa vyenye uwazi katikati, fikirieni bomba badala ya nondo nzima: mnapunguza malighafi na uchongaji kwa pamoja. Ila mchoro na ripoti vikitofautiana, adhabu ipo. Mabamba ya kukatwa kwa leza sitayasemea hapa. Someni kanuni za mwaka wenu, na zikiwatatiza waandikieni waandaaji kabla ya kuwasilisha.