Machame utaenda Desemba, kwanza rudi kliniki

*Shangazi, nina miaka 34, naishi Sakina, Arusha. Mume wangu alinisukuma nikapime mlango wa kizazi, wamekuta seli zimebadilika. Yeye ni dereva wa watalii, analala porini wiki nzima, najua kaniletea yeye. Mashosti zangu wa shisha ya Ijumaa wanasema niondoke. Nataka kurudi kwetu Machame na wanangu, mkubwa kidato cha nne (huyu si baba yake) na binti wa darasa la nne.*

Pole, mwanangu. Hofu hiyo haina mwenyewe.

Ila hayo maneno uliyoyafungia kwenye mabano ndiyo barua yenyewe. Mtoto wa kidato cha nne ulimpata ukiwa binti mbichi, kwa mwanaume mwingine. Kirusi cha HPV, ambacho ndicho huharibu hizo seli, huambukizwa kwa kujamiiana, hakiwashi wala hakiumi. Wengi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Kwa wengine hujibanza miaka na miaka. Kinaweza kuwa cha baba wa mtoto, kinaweza kuwa cha dereva, na inawezekana dereva kakipata kwako. Hakuna daktari atakayekutajia jina.

Shisha nayo umeitaja kama chai ya jioni! Tumbaku hudhoofisha kinga ya mlango wa kizazi, kirusi kikang'ang'ania. Hao mashosti wanakushikia bomba huku wanakuvunjia nyumba. Na VVU ulipima lini? Mwenye VVU seli zake huharibika upesi zaidi, lakini hilo hukuligusa.

Simsafishi mumeo, huenda ana yake huko Karatu. Lakini mwanaume anayemhimiza mkewe akapime, mjini hapa wangapi? Wake wa siku hizi mnapekua simu ya mume usiku kucha, kadi ya kliniki hamjui mliiweka wapi.

Seli kubadilika si saratani. Zikiwahiwa hutibiwa, mara nyingi kwa tiba mgando, yaani kuzigandisha kwa baridi kali, au kwa kuzichoma kwa joto, na siku hiyohiyo unalala kwako. Rudi ulikopimiwa, uliza zimefikia kiwango gani na urudi lini. VVU mkapime wote wawili. Shisha acha.

Na huyo wa darasa la nne, wakija shuleni na chanjo ya HPV usimfiche ndani. Hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, sindano moja tu.