Mashine ya umeme kwa mgonjwa anayeumwa miguu akitembea: kwa nyie mnaoanza fizio

Jamani wadogo zangu mnaoingia fizio (tiba ya viungo) sasa hivi, mkifika kliniki ya mishipa ya damu kitu cha kwanza kitakachowavutia ni ile mashine ya umeme. Ina taa, ina vitufe, na mgonjwa akiwekewa pedi anaridhika kwamba leo ametibiwa kweli. Mimi nasema hivi, kwa mgonjwa ambaye ateri za miguu zimekuwa nyembamba dawa yetu sisi ni kumtembeza, na umeme unakuja kumsaidia atembee, basi. Ukiugeuza ukawa ndo tiba yenyewe mtu analala kitandani nusu saa na waya miguuni anarudi nyumbani hajatembea hata hatua moja ya maana.

Muielewe kwanza shida yenyewe. Mafuta yamejijenga kwenye ukuta wa ateri, njia imebana, sasa akiwa amekaa damu inayopita inamtosha ila akianza kutembea misuli inataka damu nyingi zaidi na haipati, ndo kigimbi kinabana na kuuma mpaka asimame. Anasimama dakika chache maumivu yanaisha, anaenda tena, yanarudi karibu umbali uleule. Mulizeni swali moja hili, ukisimama tu yanaisha au mpaka ukae? Yule ambaye lazima akae au ainame kidogo ndo apate nafuu mchunguzeni mgongo, mara nyingi ni neva zimebanwa kwenye uti na hapo mnatibu ugonjwa mwingine kabisa.

Alafu pimeni wenyewe, msisubiri kuletewa. Presha ya kifundo cha mguu, ile namba ya juu, kwa Dopla (kifaa cha mawimbi ya sauti kinachosikiliza damu ikipita), gawa kwa namba ya juu ya presha ya mkono, chukua mkono wenye kubwa. Ikitoka 0.90 au chini yake ugonjwa upo. Ikizidi 1.40 msishangilie, hasa kwa mwenye kisukari, hapo ateri imekuwa ngumu kwa chokaa mpaka mkanda wa presha unashindwa kuibana, kwa hiyo inabidi apimwe presha ya kidole gumba cha mguu.

Kuna wagonjwa wa kutogusa na mashine hata wakiwaomba. Anayeumwa mguu usiku akiwa amelala mpaka anauning'iniza chini ya kitanda, mwenye kidonda kisichopona au kidole kilichoanza kuwa cheusi, huyo anaenda kwa daktari wa upasuaji wa mishipa siku hiyohiyo, mambo ya pedi sahauni. Mwenye betri ya moyo kifuani, mwenye damu iliyoganda kwenye vena ya mguu, ngozi iliyochubuka pale pa kubandika pedi, wote hao hapana. Na mwenye ganzi ndo anawapitaga wengi, kisukari kimeshaua neva, unapandisha umeme yeye anakwambia sisikii kitu, unapandisha tena, kumbe ngozi inaungua. Kabla ya kubandika chochote mjaribuni kwa kitu butu na kitu chenye ncha, macho yake akiwa ameyafumba.

Sasa umeme wenyewe. Watu wanachanganya aina mbili. Ya kwanza ni TENS, hii inalenga neva za hisia, lengo ni kupunguza maumivu. Ile ya kasi iko kama 80 mpaka 120 Hz (mapigo ya umeme kwa sekunde) na mgonjwa anasikia mchonyoto mkali ila unaovumilika, msuli hautakiwi kucheza. Maelezo yake yametoka kwa watafiti wa maumivu Melzack na Wall, 1965, kwamba hisia za mguso zikijaa kwenye uti wa mgongo zinafunga geti ili maumivu yasipite kirahisi. Ya pili inaendesha msuli wenyewe, unaona kabisa kigimbi kinajikunja na kuachia, na hapo wazo ni msuli ufanye kazi, uvute damu, upate mazoezi bila mgonjwa kutembea. Hii ya pili ipo mpaka ya kukanyaga kwa nyayo ukiwa umekaa kwenye kiti. Mkiandika kwenye faili andikeni ni ipi, Hz ngapi, pedi zilikaa wapi, dakika ngapi, maana "amepewa umeme" haimsaidii atakayemuona baada yako.

Je inafanya kazi? Kuna tafiti ndogo za TENS ambapo watu walitembea mbali kidogo zaidi mashine ikiwa imewashwa, inatia moyo ila ni ndogo. Ile ya nyayo ilijaribiwa Uingereza kwenye jaribio la NESIC, wagonjwa takribani 200, na kuiongeza juu ya mazoezi yanayosimamiwa hakukuleta tofauti ya maana kwenye umbali wa mwisho wa kutembea baada ya miezi 3. Mazoezi yenyewe ushahidi wake ni mzito miaka mingi sasa, mara 3 kwa wiki, wiki 12 angalau, anatembea mpaka maumivu yawe makali kiasi, anapumzika yaishe, anarudia, jumla dakika 30 mpaka 45. Kwa hiyo kwangu mimi TENS ina nafasi kwa yule anayeogopa maumivu na kukata tamaa dakika ya pili, inampa ujasiri wa kuanza. Kifua kikibana anasimama hapohapo lakini, maana ateri za moyo nazo mara nyingi zina shida ileile.

Kwenye vipimo ndo mtajidanganya kirahisi. Mnamtembeza dakika sita mpime umbali, korido ya mita 30, viatu vilevile, maneno yaleyale, usimshangilie leo afu kesho ukanyamaza. Andika umbali maumivu yalipoanza na umbali wote aliofika, ni vitu viwili tofauti. Mpe jaribio moja la kuzoea kwanza, mtu akirudia anaenda mbali zaidi kwa kuzoea tu, na waya peke yake unampa mtu moyo, ndo maana kwenye tafiti kunakuwa na kundi lenye mashine inayowaka taa bila umeme kupita.

Sigara, dawa za lehemu na za kuzuia damu kuganda muulizeni kila akija, hata kama daktari ameshaongea.

Na kila baada ya wiki kadhaa mpimeni mashine ikiwa imezimwa. Umbali wa bila umeme kama haujasogea, ulizeni anatembea mara ngapi kweli huko nyumbani kabla ya kugusa vitufe, na kama umeshuka kuliko siku aliyoanza mrudisheni apimwe Dopla upya.