Kwa nini rangi ya maganda ya vitunguu hutoka kwenye pamba

Ndugu uliyeuliza kwa nini shuka lako la pamba, ulilolichemsha pamoja na maganda ya vitunguu kisha ukalisuuza kwa siki na chumvi, limepauka baada ya kufuliwa mara mbili tu, kosa haliko kwenye maganda. Nami mwanzoni niliharibu vitambaa vingi kwa njia hiyohiyo, nikizidisha maganda kila mara kwa kudhani kwamba rangi ilikuwa hafifu, ilhali kitambaa chenyewe hakikuwa kimeandaliwa kuipokea.

Siki na chumvi hazishikishi rangi ya aina hii. Kinachoishikisha ni shabu, yale madini meupe yanayoyeyuka majini, kwa sababu alumini iliyomo hujifunga kwenye uzi na kwenye rangi kwa pamoja. Sufu na hariri huipokea shabu kwa urahisi. Pamba huipokea shingo upande, na ndiyo maana huhitaji kwanza tanini, ile dutu ya mimea inayokausha kinywa, ambayo imejaa katika maganda ya komamanga tunayoyatupa kila siku.

Pima kitambaa kikiwa kikavu, maana vipimo vyote hufuata uzito wake. Mimi hukichemsha kwa saa moja au mbili katika maji yenye sabuni kidogo na magadi ya kufulia, na anayefanya hivyo kwa mara ya kwanza hushangaa kuona kitambaa cheupe kinatoa maji ya rangi ya chai: hizo ni nta na uchafu wa pamba ambavyo vingeizuia rangi kupenya. Kisha hukiloweka usiku kucha katika maji ya maganda ya komamanga yaliyochemshwa na kuchujwa, nikakikamua, nikakitia katika maji ya moto yenye shabu ya 15% ya uzito wake, yaani gramu 75 kwa nusu kilo ya kitambaa, nacho hukaa humo hadi kesho yake. Baada ya kukisuuza ndipo hukiingiza katika maji ya maganda ya vitunguu, maganda hayo yakiwa na uzito sawa na wa kitambaa, kwa saa moja bila kuyaacha yatokote, kisha nikakiacha kipoe humohumo. Sufuria hiyo isirudi tena kwenye mapishi.

Maji ya misumari yenye kutu huigeuza njano ya vitunguu kuwa kijani cha zeituni, lakini yatie kidogo sana, kwa kuwa chuma kikizidi hula nyuzi. Viazisukari vyekundu sivishauri kabisa, kwani rangi yake hupotea juani hata baada ya maandalizi yote haya.

Shuka lako bado linafaa. Lichemshe kwa magadi, uanze upya kwenye tanini, na likishakamilika ulianike kivulini.